Lori la Uhabeshi

Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu, na katika mada zote sikupenda hata moja kama usomaji wa picha. Unampa mwanafunzi picha ya mahali asipopajua, unamwambia: haya, nieleze. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Mtoto anaona mti mmoja, anaandika "msitu". Anaona mtu amebeba jembe, anaandika "wakazi wa eneo hili ni wakulima hodari". Hodari kakuambia nani? Nilikuwa nawagombeza mpaka sauti inakauka: sema unachokiona, usiseme unachokitaka. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa ni watu wazima wenye vitambi, tukikutana sokoni Lushoto wananiamkia kwanza, kisha wananirudishia maneno hayo hayo kwa kuigiza sauti yangu. Tunacheka. Wangejua!

Maana nyumbani kwetu kulikuwa na picha moja niliyoiona tangu sijajua kutembea, na sikuwahi kuisoma hata siku moja.

Si picha kubwa, inaenea kwenye kiganja. Ilitundikwa sebuleni kwa mama, kijijini kwetu juu ya Lushoto, njia ya kwendea Magamba, katikati ya kalenda ya kanisa na saa ya ukutani isiyotembea. Inaonyesha lori la jeshi lenye pua fupi, limesimama uwanjani. Kwenye usukani amekaa mwanamume aliyevaa kabuti, na kofia yake ya ukingo mpana imemfunika uso mpaka puani. Nyuma kuna milima. Mtu huyo, tuliambiwa, ndiye baba mzazi wa mama. Alichukuliwa keya wakati wa Vita vya Pili, yaani askari wa Mfalme wa Kiingereza, akapelekwa Uhabeshi kuendesha malori, akafia huko huko vita vikiwa bado vichanga. Mama alikuwa tumboni. Hakumwona. Cha baba yake alichokuwa nacho duniani ni kidevu, kofia na lile lori.

Aliyemlea ni mtu mwingine: mdogo wa marehemu. Habari za kifo zilipofika, wazee wa ukoo walikaa wakaamua kama ilivyokuwa desturi yao, kwamba mjane abaki nyumbani na shemeji amrithi. Kanisa halikukubali. Bibi yangu na shemejiye wakatengwa na meza ya Bwana, na kurudi kundini kulitaka waachane kwanza, nao hawakuachana. Basi mama akakua akiwa mtoto wa nyumba iliyotengwa. Wenzake walimsema njiani, kisimani, mpaka darasani. Na kwa hasira za mtoto, akaamua nani wa kulaumiwa.

Mimi nilimkuta yule mzee ameshakuwa babu, nikampenda kupita kiasi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Ujanani alipokuwa akipasua mbao msituni Shume, msumeno ulimkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kikapona kimenyooka tuli, hakikunjiki. Akishika kikombe cha chai, kidole kinaonyesha ukutani. Sisi wajukuu tunageuka haraka kutazama anachotuonyesha, naye anacheka mpaka chai inamwagikia magotini. Kidole hicho ndicho kilichomnyima vita. Alikwenda kuandikishwa pamoja na kaka yake, wakamtazama mkono, wakamwambia rudi nyumbani, wa kufyatulia bunduki huna. Kaka akaenda, yeye akarudi.

Mama hakumwita tate kamwe. Tate ndilo neno letu la Kishambaa la baba, na neno hilo mama alilifungia kabatini. Alimwamkia, maana shikamoo ni shikamoo, huwezi kumnyima mtu mzima. Lakini ilikuwa shikamoo kavu, haina jina nyuma yake. Akimtaja kwa watu anasema "yule". Na wakigombana, mama alikuwa na silaha moja. Nilimsikia kwa masikio yangu, mama mtu mzima, ana watoto, wamekorofishana juu ya mpaka wa shamba. Akanyoosha mkono ukutani, akasema: "Wewe usiniamrishe. Baba yangu ni yule pale."

Babu akaitazama picha. Akasema taratibu, "Kweli, mwanangu. Ni yule pale." Akachukua kofia yake akatoka.

Alikufa nikiwa chuoni. Akazikwa mwisho wa migomba bila kengele ya kanisa, wakapanga mawe juu, basi. Miaka imepita, watu wamejenga makaburi ya saruji na vigae, lake limebaki mawe na magugu. Sisi wajukuu tulikuwa tukisema tutalijengea, tutalijengea. Kusema ni rahisi.

Sasa tuje kwenye kipupwe cha mwaka juzi. Mama aliugua kifua. Umri wake na baridi ya kwetu haviendani, na zilikuwapo siku nilizomtazama anavyovuta pumzi nikajua tunaagana. Akapona. Lakini alitoka kitandani na jambo moja, na akilishika jambo mama yangu, hata ng'ombe hamng'oi.

"Sitaki kufa baba yangu hana hata jiwe," alituambia mimi na mdogo wangu. "Nataka jiwe pale kwenye migomba, na sura yake juu. Niione imekaa mahali pake. Baada ya hapo Mungu akiita, naitika."

Mdogo wangu ni mfanyabiashara wa mboga, anapeleka kabichi na karoti Dar es Salaam, na hana subira hata ya kungoja maji yachemke. Kesho yake alikuwa ameshampata fundi wa Tanga anayechapa picha za marehemu kwenye vigae vya kaburi. Fundi alitaka vitu viwili: picha, na maneno. Jina, na mahali mtu alipofia.

"Andika Uhabeshi," alisema mdogo wangu.

"Uhabeshi wapi?" nikamuuliza. "Unajua Uhabeshi ilivyo kubwa? Ni sawa na kuandika kwamba mtu kafia Afrika."

"Dada, ni jiwe, si mtihani."

Damu ikanichemka. Nikamwambia mtu aliyesahauliwa maisha yote hawezi kuandikiwa kwa kubahatisha, na kama yeye hana muda, mimi nimestaafu, muda ninao. Mama aliyekuwa ananisikiliza amejifunga mablanketi akasema, "Mwache mwalimu atafute." Nikaitungua picha ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa na rangi nyingine kabisa, ya zamani.

Nilianza na lori, kwa sababu kingine kilikuwa nini? Uso umefunikwa. Nikaona ukijua ni lori gani, utajua ni la jeshi gani. Ukijua jeshi, utajua lilipita wapi. Mpwa wangu aliniunganisha na kundi moja kwenye simu, watu wa nchi mbalimbali ambao kazi yao, jamani, ni kutambua malori ya majeshi ya Washirika kwenye picha za vita. Wengi ni wazee. Unaweka picha, nao wanaanza. Mmoja anaangalia taa, mwingine anaangalia nati za gurudumu. Wanagombana juu ya madigadi siku nzima na heshima wanaiweka pembeni. Nikasema, ala, hawa ni ndugu zangu.

Nikajifunza. Kitu cha kwanza wanachokuuliza ni usukani uko upande gani. Wetu uko kulia, kwa hiyo la Kimarekani likaondoka, na nyota nyeupe ya Wamarekani haikuwapo vilevile. Cha pili ni pua. Malori mengi ya Kiingereza yalikuwa na pua ndefu, au hayana pua kabisa, uso bapa. Letu lina pua fupi iliyobonyea, na magurudumu yenye ringi za vipande viwili zilizobanwa kwa duara la nati. Hilo, wakaniambia kwa sauti moja, ni la Kikanada. Yalijengwa kwa maelfu kwa ajili ya majeshi ya Mfalme, yakapelekwa jangwani, Italia, Burma na huku kwetu. Mpaka hapo nikafurahi. Kila nilipopanda kwenda kwa mama, hata sijavua viatu, ananiuliza, "Mwalimu, lori limesema nini?" Nikamwambia limetoka Kanada. Akatingisha kichwa kwa heshima. Baba yake alikuwa ameendesha kitu kilichovuka bahari.

Halafu mzee mmoja, mwenyewe wa Kanada, mkali kuliko mimi, akaniandikia niangalie kioo cha mbele. Nikaangalia. Kioo kimelala. Lakini hakikulala kama vya magari ya leo, ambavyo juu vinarudi nyuma. Hiki juu kimetangulia mbele, chini kimeingia ndani, yaani lori linaonekana limekunja uso. Wanasema walifanya hivyo ili mwanga usimpige dereva machoni. Na aina hiyo, akasema mzee, ilianza kutoka kiwandani baada ya mapigano ya Uhabeshi kwisha. Kabla ya hapo vioo vilikuwa vimesimama. Akamalizia kwa maneno ambayo sikuyapenda: ama habari ya kifo si ya kweli, ama mtu si huyo.

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia yeye anajua nati, hajui ukoo wetu. Nilipotulia nikajua sikumjibu yeye.

Maana fikiria. Mtu ameripotiwa kafa Uhabeshi, na hapa amekaa kwenye lori ambalo lilikuwa bado halijatengenezwa alipokufa. Kama ni yeye, basi hakufa. Aliishi. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye akachagua kutorudi, labda ana mke Nairobi, ana watoto, mama ana ndugu asiowajua. Na kama si yeye, basi mama amemwamkia mtu baki ukutani maisha yake yote. Nilipima huku, nikapima huku, pote panauma. Kipi unampelekea mama wa umri ule, anayengoja jiwe ili afe kwa amani? Kwamba baba yake alimtupa, au kwamba hana hata kile kidevu?

Nikaanza kumkwepa. Nikawa nateremka mjini asubuhi na kurudi nimechelewa, najifanya nina shughuli. Lakini swali lilikuwa linaningoja palepale.

"Lori limesema nini?"

"Bado, mama. Bado linafikiri."

"Hilo nalo! Linafikiri kuliko mchungaji."

Mdogo wangu akanipigia simu akiwa njiani, kelele za magari nyuma. "Dada, fundi ananiuliza. Mama naye kila siku ananiuliza. Unatafuta nini tena?"

Nikamweleza habari ya kioo. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Achana nayo. Chapa kigae, andika Uhabeshi, mama aone jiwe lake. Sisi tutakaa na hilo."

Nikwambie ukweli, nilitaka kumkubalia. Nilikaa na simu mkononi nikaona ana akili kuliko mimi. Ila fundi alikuwa amesema picha ni ndogo, ikuzwe kwanza, ndipo aweze kuichapa. Basi siku ya soko nikaipeleka kwenye studio ya mjini Lushoto, karibu na stendi, na moyoni nimeshasalimu amri. Nakuza, nampelekea fundi, yamekwisha.

Binti wa studio akaiskani, akaifungua kwenye kompyuta, ikajaa kioo chote. Mungu wangu. Sikuwahi kuwaza kwamba ndani ya kile kikaratasi kulikuwa na vitu vingi hivyo. Nikaona kokoto chini ya matairi. Nikaona boneti, na ubavuni mwake mahali ambapo namba ya jeshi ilipakwa rangi juu, lakini herufi ya kwanza bado inachungulia chini ya rangi. Nikapiga picha kwa simu, nikampelekea mzee wa Kanada, kwa adabu safari hii. Alijibu upesi, nadhani alikuwa anangoja kuombwa radhi. Akasema hilo halipo jeshini tena. Namba imefutwa, bodi la nyuma limebadilishwa kuwa la kubebea magogo. Hili limeuzwa kwa raia baada ya vita. Halafu akauliza swali dogo tu: ile mimea iliyopangwa mistari nyuma ya gurudumu ni kitu gani?

Nikamwandikia, bila kufikiri: mkonge.

Kidole changu kikabaki juu ya simu. Mkonge, mistari iliyonyooka, shamba la mkonge. Uhabeshi? Nikainua macho kwenye ile milima ya nyuma, ile ambayo tangu utoto wangu ni milima ya Uhabeshi, niliyowahi kuisimulia kwa wanafunzi wenzangu shuleni kwa majivuno. Nikaona ukuta wa mlima, na mkato ambapo barabara ya Soni inapandia kuja kwetu Lushoto. Nilicheka kwa sauti mpaka binti wa studio akasogeza kiti. Ni Mombo! Mombo hapo chini, ninapopita kila nikienda Tanga, kila nikienda Korogwe, kila likizo ya maisha yangu. Mwalimu wa jiografia, na vyeti vyangu, na kugombeza kwangu watoto wa watu. Mlima wa kwetu nimeuita Uhabeshi kwa sababu niliambiwa.

"Bibi, niendelee kukuza?" binti akauliza.

"Kuza hapo mlangoni."

Mlangoni pa lori, chini ya dirisha, sote nyumbani tulijua kuna kitasa. Kijiti cheusi kimetokeza kwa mbele, pembeni ya mkono wa dereva uliolala nje. Binti akakuza, akakuza tena. Kitasa kilikuwa na ukucha.

Sikucheka tena. Mkono umelala mlangoni, vidole vitatu vimekunjwa kwenye bati, na cha shahada kimenyooka tuli, kinaonyesha mbele, nje ya picha. Niliukodolea macho mpaka ukafifia, maana nilikuwa nimeshaanza kulia bila kujua. Hata nilitazama upande kile kidole kinakoonyesha, kama zamani.

Nikamwambia binti anichapie mbili kubwa. Akachapa. Nikazikunja kwenye gazeti nikapanda nazo kwa mama mchana huo huo, na njia nzima sikujua nitaanzaje.

Mdogo wangu alikuwa amefika, anakula makande jikoni. Mama yupo barazani juani, miguu juu ya kigoda. Nikaamkia. Akasema marahaba, na kabla sijakaa, "Limesema nini?"

"Limesema halikuwa Uhabeshi, mama. Lilikuwa Mombo. Ni baada ya vita." Nikampa picha na miwani yake.

Aliitazama muda mrefu. Mdogo wangu akaja na sahani yake akasimama nyuma yake, nikamwonyesha mkono kwa macho, naye akaacha kutafuna. Mama aliusogelea mlima kwanza. Kisha kofia. Kisha nikaona mkono wake unashuka kwenye karatasi, unapapasa, unasimama pale mlangoni. Hakuuliza. Huo mkono ulimtoa funza miguuni. Ulimvusha mito akienda shule ya kati. Ulimtengenezea kitanda alichoolewa nacho.

"Ule mwaka askari walirudi," akasema baadaye. Alianza kwa Kiswahili, akaingia Kishambaa, akarudi. "Baba wa mwenzangu alikuja na picha yake, amesimama na gari la vita. Mwenzangu akatuonyesha wote kisimani. Akaniambia, wewe baba yako hata kivuli hana. Nikaja nyumbani nikalia, nikakataa kula. Mama alinichapa, nikakataa. Na kesho yake nikakataa. Basi yule..." Akasita. Akalimeza neno. "Alikuwa tandiboi, utingo wa lori la magogo, linashusha mbao stesheni ya Mombo. Akaenda. Aliporudi, mama akaniita ndani akaniambia, picha ya baba yako imefika kutoka keya. Kabuti na kofia sijui aliazima kwa nani."

"Yeye alikuwa wapi, mama, ulipopewa?"

"Mlangoni. Alisimama mlangoni, anatazama kama nitakula."

"Ukala?"

"Nikala. Nikala mpaka nikaramba chungu." Akavua miwani. "Miaka yote nikimnyooshea picha, kumbe namwonyesha yeye. Baba yangu ni yule pale. Naye ananijibu kweli mwanangu, ni yule pale. Mtu huyu! Angesema neno moja tu, ningefunga mdomo. Hakusema. Aliniachia."

Akalia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya msiba wa baba yangu. Alilia kwa sauti kama watoto wanavyolia. Mimi nikamshika huku, mdogo wangu huku, na sahani ya makande chini imemwagika, kuku wanakula.

Nimejiuliza sana kwa nini hakusema. Labda alikuwa amemwahidi kaka yake siku ile walipotenganishwa mbele ya waandikishaji. Labda alijua kwamba mtoto anayejivunia baba aliyekufa ana nguvu kuliko mtoto mwenye baba aliyetengwa. Hayo nayasema kwa kuwa nayataka, siyaoni popote kwenye picha. Ninachokiona ni mtu aliyejifunika uso kwa kofia ya kuazima, akasahau mkono wake nje.

Jua lilipoanza kutoka barazani, mdogo wangu akakohoa. "Sasa, mama, kigae?"

Mama alikuwa amejibu tayari moyoni. "Tate aliyenizaa mwandikieni jina. Jiwe lake liwe na jina tu. Uso wake sikuupata, nisimzulie. Hii sura ina mwenyewe. Mpelekeni kwake."

"Watu watauliza, mama. Wanajua picha ile ni ya keya."

"Waulize. Wameanza leo kunisema?"

Basi tukajenga makaburi mawili mwisho wa migomba, bega kwa bega, moja halina mtu ndani. Fundi wa Tanga alileta kigae chenye lori lote, pamoja na mlima wa Mombo, maana mama alikataa katakata mkono ukatwe. Mchungaji wetu wa sasa ni kijana. Alibariki yote mawili kwa sala moja, hakumuuliza mtu habari za kutengwa, na kengele ya kanisa nilisikia ikipigwa kule bondeni. Watu walipoondoka kwenda kula, mama akaniomba nimrudishe.

Nilimshika mkono mpaka kwenye jiwe, akaniashiria nimwachie. Akaweka kiganja juu ya kigae, akatafuta kwa vidole mpaka akapata mlango wa lori. Kisha akapiga goti, na magoti yale nilijua yanavyomuuma, na akainamisha kichwa kama msichana mdogo mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, tate," akasema.

Akabaki ameinama, anangoja kuitikiwa.